Uzi: Maandalizi ya mkufunzi wa chuo kwa darasa mseto wakati wa janga la UVIKO-19, tukianza na mwanafunzi aliye mbali

Mwanzisha uzi

Ndugu wakufunzi, salaam kwenu. Ninafundisha takwimu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kwa muhula unaokuja tumeelekezwa kufundisha kwa mseto: nusu ya wanafunzi watakaa chumbani kwa kuachiana nafasi, nusu watafuatilia kwa mtandao kutoka waliko, na kila wiki makundi yatabadilishana. Maelekezo yenyewe yanaenea katika ukurasa mmoja, ilhali kazi inayotokana nayo inaanza alfajiri na kuishia usiku, na ninavyoona wengi wetu tunaifanya kila mtu kivyake bila kuulizana. Nimefungua uzi huu ili tuelezane siku ya maandalizi inavyokwenda hasa, na ili niweke mbele yenu msimamo niliofikia katika kuandaa somo langu, mniambie unaposhika na unapolegea.

Msimamo wenyewe ni huu: somo la mseto liandaliwe kwanza kwa ajili ya mwanafunzi aliye mbali, mwenye simu ndogo na mtandao unaokatika. Likimtosha huyo, aliye chumbani hatapungukiwa na kitu. Ukianza na aliye chumbani, kisha ukaelekeza kamera ubaoni, yule wa mbali atabaki kutazama wenzake wakifundishwa.

Tukumbuke tulikotoka. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba mlipuko wa UVIKO-19 umekuwa janga la dunia, vyuo vingi vilihamia mtandaoni kwa siku chache mno, na Umoja wa Mataifa ulikadiria mwaka huohuo kwamba wanafunzi wa ngazi zote walioathirika ni karibu bilioni 1.6 katika nchi zaidi ya 190. Mwishoni mwa mwezi uleule wa Machi, Charles Hodges na wenzake waliandika katika jarida la elimu na teknolojia la EDUCAUSE Review kwamba tulichokuwa tukikifanya kiitwe ufundishaji wa dharura kwa mbali, kisihesabiwe kuwa ndiyo elimu ya mtandaoni, kwa sababu kozi ya mtandaoni ya chuo kikuu kwa kawaida huandaliwa kwa miezi sita hadi tisa kabla ya kufundishwa. Nimeuzingatia sana ukumbusho huo. Muhula huu hatuna miezi tisa, lakini wiki chache tulizo nazo ni nyingi kuliko zile siku chache za mwanzo, na ndiyo maana ninasisitiza tuzitumie kwa mpangilio.

Ufundishaji mseto wenyewe haukuzaliwa na janga. Brian Beatty wa San Francisco State University alikuwa ameshaunda mfumo alioupa jina la HyFlex tangu miaka ya 2000, akiusimamisha juu ya mambo manne: mwanafunzi achague namna ya kushiriki, njia zote zimfikishe kwenye ujuzi ulio sawa, vifaa vya somo vitumike tena na kila kundi, na kila mmoja aweze kuvifikia na kuvitumia. Kwetu sisi lile la kwanza limeondoka, kwa kuwa anayeamua nani aingie chumbani ni idadi ya viti vilivyobaki baada ya kutenganishwa. Basi yale matatu yaliyosalia yanatudai zaidi, maana mwanafunzi hakuchagua kuwa mbali.

Sasa niingie katika siku yenyewe. Asubuhi mapema, kabla majirani hawajaamka, ndipo ninaporekodi maelezo ya sauti. Ninafanya vipande vifupi kwa makusudi. Philip Guo na wenzake walichunguza mwaka 2014 vipindi milioni 6.9 vya utazamaji wa video katika kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakakuta kwamba hata video iwe ndefu kiasi gani, muda wa kati ambao watazamaji waliivumilia haukuzidi dakika 6. Kwa hiyo mhadhara niliokuwa nikiutoa kwa dakika 50 ninaukata kwenye viungo vyake, kila dhana na kipande chake, na kila kipande kinaishia kwa swali ambalo mwanafunzi hawezi kulijibu bila kushika kalamu. Kukata huku kunachosha kuliko kurekodi, kwa sababu kunakulazimisha uamue ni sentensi zipi za mhadhara wako zinazofundisha na zipi zilikuwa za kupitishia muda.

Kuna hesabu ambayo ningependa kila mkufunzi aifanye kabla ya kupakia chochote. Video ya dakika 50 inayokwenda kwa megabiti 1 kwa sekunde inafikia takribani megabaiti 375. Somo hilohilo likiwa sauti tupu ya kilobiti 64 kwa sekunde linakuwa megabaiti 24, na ukiongeza faili la PDF lenye kurasa za slaidi zilizopewa namba, mwanafunzi amepata somo zima kwa sehemu ndogo sana ya bando lake. Mimi nimeamua kwamba kila kipande kitoke kwa sauti na PDF kwanza. Video ninaitengeneza pale tu ambapo mwendo wenyewe ndio somo, kwa mfano ninapoonyesha jinsi ya kupanga takwimu katika programu ya kompyuta.

Saa za katikati ya siku ninakwenda kwenye chumba cha mhadhara, na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza mengi. Chumba kina madirisha ambayo lazima yawe wazi ili hewa izunguke, na madirisha yakiwa wazi kelele za nje zinaingia. Mkufunzi amevaa barakoa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walipima mwaka 2020 jinsi barakoa zinavyobadilisha sauti, wakaona kwamba barakoa ya upasuaji hupunguza sauti za masafa ya juu, yaani zile nyembamba, kwa takribani desibeli 4, na kwamba ngao za uso na barakoa zenye dirisha la plastiki huzipunguza zaidi ya hapo. Masafa hayo ya juu ndiyo yanayobeba konsonanti kama s, sh, f na th. Katika somo la takwimu hasara yake ni kubwa: mwanafunzi aliye kiti cha nyuma, au aliye mbali na spika dhaifu ya simu, anasikia "-ini" na kubahatisha kama umesema sitini au sabini.

Namna ninavyokijaribu chumba ni rahisi. Ninasimama nitakaposimama siku ya somo, barakoa ikiwa usoni na madirisha yakiwa wazi, ninasoma polepole orodha ya namba zenye sita, saba, sitini, sabini, mia sita na mia saba bila mpangilio, nami ninairekodi kupitia mkutano wa mtandaoni uleule utakaotumika. Kisha ninatoka nje na kuisikiliza kwa simu, kwa visikizi vya kawaida, nikiandika ninachokisikia. Kipaza sauti cha kompyuta mpakato kilichowekwa mezani hakikufaa hata kidogo mara nilipogeukia ubao. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye ukosi wa shati ndicho kilichotengeneza mambo, na watafiti wale nao walibaini kwamba kipaza sauti cha aina hiyo hakiathiriwi sana na barakoa. Pamoja na hayo nimejiwekea kanuni kwamba hakuna namba itakayosemwa bila kuandikwa.

Ubao wenyewe nimeuacha. Kwa kamera iliyo nyuma ya chumba, maandishi ya ubaoni yanamfikia mwanafunzi wa mbali kama mistari ya kijivu. Badala yake ninaandika juu ya karatasi nyeupe kwa kalamu nene, huku simu ikiwa imeshikizwa juu yake kwa kishikizo, na picha ile inakwenda kwenye projekta ya chumbani na kwenye skrini za walio mbali kwa wakati mmoja. Wote wanaona mkono uleule ukiandika mstari uleule. Karatasi zile mwisho wa kipindi zinapigwa picha na kuwekwa kwenye jukwaa la somo.

Niwape mfano wa somo moja ninaloandaa sasa, la uwezekano wenye sharti, yaani uwezekano wa jambo ukiwa tayari unajua kwamba jambo jingine limetokea, kwa tarakimu nilizozibuni kwa ajili ya kufundishia tu. Chukua watu 10,000, na 100 kati yao wana ugonjwa fulani. Kipimo kinawagundua 90 kati ya hao 100. Kati ya 9,900 wasio na ugonjwa, kipimo kinakosea kwa asilimia 5, yaani watu 495 wanaambiwa wanao ilhali hawanao. Waliopata majibu chanya jumla ni 585, na wenye ugonjwa kweli miongoni mwao ni 90, takribani asilimia 15. Wanafunzi wengi hushtuka, kwa kuwa walitarajia asilimia 90.

Zamani somo hili lilikuwa ni mimi kuzungumza na wao kunakili. Kwa mseto nimelipanga upya hivi. Siku mbili kabla, wote wanapokea ukurasa mmoja wenye jedwali tupu la visanduku vinne, sauti ya dakika tano, na swali moja la kubashiri: kati ya waliopata majibu chanya, je, wenye ugonjwa ni wengi au wachache? Kipindi kinapoanza, kila mmoja anatuma ubashiri wake kwa maandishi mahali pamoja, hata walioketi mbele yangu, ili majibu ya walio mbali yasiwe nyongeza ya mwisho. Halafu kuna dakika kadhaa za kimya ambapo kila mtu anajaza jedwali lake. Kimya hicho nimekipanga kwa ajili ya mtandao: anayekatika wakati huo hapotezi kitu, kwa sababu kazi iko mkononi mwake. Baada ya hapo wanalinganisha wawili wawili kwa ujumbe wa maandishi, mmoja wa chumbani na mmoja wa mbali. Mimi ninaeleza mwishoni, kwa muda mfupi, juu ya makosa yaliyojitokeza.

Mtaona kwamba hakuna hatua hata moja hapo inayomdhuru aliye chumbani. Yeye pia amepata muda wa kufikiri kabla ya kuambiwa. Naomba michango yenu, hasa kutoka kwa wanaofundisha masomo yasiyo ya hesabu.

Mchangiaji, mkufunzi wa lugha

Mwalimu, nashukuru kwa kuanzisha mjadala huu kwa uwazi. Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila kuna jambo linalonisumbua. Somo lako lina kazi ya kalamu na karatasi ambayo mwanafunzi anaweza kuifanya kimya. Mimi ninafundisha mazungumzo. Mwanafunzi wa lugha ngeni anahitaji kuona mdomo unavyotamka, na barakoa imeuziba. Anahitaji kumjibu mwenzake papo kwa papo, na mtandao unachelewesha sauti kiasi kwamba wawili wanaanza kuzungumza pamoja, wananyamaza pamoja, kisha wanaanza tena pamoja. Kwa hali hiyo aliye mbali hukata tamaa na kuzima kipaza sauti chake moja kwa moja.

Nilichoamua ni kwenda kinyume kidogo na ushauri wako. Wiki ambayo kundi liko chumbani ninaitumia yote kwa mazungumzo, na wiki ambayo liko mbali ninalipa kazi za kusoma, kuandika na kujirekodi. Matamshi ninayafundisha kwa video fupi nilizojirekodi nikiwa peke yangu, bila barakoa, uso ukiwa karibu na kamera, na mwanafunzi ananirudishia sauti yake ili nimsikilize kwa utulivu. Hivyo sihitaji kuwahudumia wote wawili kwa dakika ileile. Je, huoni kwamba kulazimisha makundi yote mawili yawe pamoja kwa wakati mmoja ndiko kunakotumaliza nguvu?

Mwanzisha uzi

Mwalimu, hoja yako ina uzito na ninaikubali kwa masomo ya mazungumzo. Kama kuna kitu ambacho kinaweza kufanyika chumbani pekee, basi wiki ya chumbani itumike kwa hicho, na wala hapo hatupingani: umemwandalia wa mbali kazi inayomtosha, hukumwacha atazame wengine wakizungumza. Ninachokipinga ni kile kipindi cha kawaida kilichowekewa kamera.

Hata hivyo mimi nimebakiza mkutano mmoja wa pamoja kwa wiki, kwa sababu mwaka wa kwanza hawajuani. Wengi wao waliingia chuoni wakati milango imefungwa na hawajawahi kuketi na wenzao wa darasa. Ule ujumbe wa wawili wawili juu ya jedwali ni njia ya wao kupata mtu wa kumuuliza swali ambalo wanaona haya kumuuliza mkufunzi.

Kuhusu nguvu, umegusa penyewe. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika mwaka 2021 juu ya uchovu wa mikutano ya video akitaja sababu nne: kutazamwa na macho mengi kwa karibu mno, kujiona mwenyewe muda wote, kukaa pasipo kusogea, na juhudi ya ziada ya kusoma ishara za watu kupitia skrini. Kwa mkufunzi wa mseto hayo yote yanamkuta huku amesimama na barakoa akipaza sauti. Mimi ninaificha picha yangu kwenye skrini mara tu nikihakikisha kamera iko sawa, na sipangi vipindi viwili vya pamoja vifuatane.

Mchangiaji, fundi wa TEHAMA chuoni

Wakuu, niongeze machache kutoka upande wa mitambo, maana ninaitwa madarasani kila siku kwa matatizo yaleyale.

Mlio mkali unaosikika pindi somo linapoanza unatokana na vifaa viwili vilivyomo chumba kimoja, vyote vikiwa na spika na kipaza sauti wazi. Sauti inatoka kwa kimoja, inaingia kwa kingine, na kurudi tena. Chumbani kiwepo kifaa kimoja tu chenye sauti. Wanafunzi walioketi humo wakijiunga na mkutano kwa ajili ya ujumbe wa maandishi, wajiunge bila sauti kabisa, kwani kuzima kipaza sauti peke yake huku spika ikiwa wazi hakutoshi.

Jambo la pili, mwalimu awe na simu moja iliyojiunga na mkutano kama mwanafunzi, kwa kutumia mtandao wa simu na si ule wa chuo, ikiwa imewekwa kimya mezani. Hiyo ndiyo itakayomwonyesha kile wanachokiona walio mbali. Mara nyingi mwalimu anaendelea kufundisha kwa muda mrefu bila kujua kwamba skrini aliyoishirikisha imebaki kwenye slaidi ya kwanza. Na kama chuo kinaruhusu, rekodi ihifadhiwe ndani ya kompyuta yenyewe, kwa sababu mtandao wa chumba ukikatika, rekodi inayohifadhiwa mtandaoni inakatika nao.

Mchangiaji, mwanafunzi wa mwaka wa pili

Shikamooni walimu wangu. Naomba radhi kwa kuingia katika mazungumzo ya wakubwa, ila ninaona mnatuzungumzia sisi tulio mbali, nami nimekuwa huko.

Kinachoumiza zaidi ya mtandao kukatika ni kurudi na kutojua mmefika wapi. Unajiunga tena, unasikia "kwa hiyo kutokana na hili tunapata lile," na hujui hili ni lipi. Unaona aibu kuuliza kwa sababu darasa zima litasimama kwa ajili yako. Mwalimu mmoja alikuwa na kawaida ya kutaja namba ya ukurasa kila alipohama, "tuko ukurasa wa 7, mstari wa juu," na alikuwa akiiandika pia kwenye ujumbe. Kwa sababu ya jambo hilo dogo nilikuwa ninamfuata hata nilipokatika mara nyingi katika kipindi kimoja.

La pili ni kamera. Nyumbani simu ninaitumia pamoja na wadogo zangu ambao nao wana masomo yao, na chumba ninachokaa si changu peke yangu. Tunapoambiwa tuwashe kamera ili ionekane kwamba tupo, wengine tunaonekana wakaidi ilhali tunasitiri familia zetu, na video inakula bando ambalo lingetosha wiki nzima ya kusikiliza. Naomba mahudhurio yapimwe kwa kazi tunayotuma.

La mwisho, swali linaloulizwa na aliye chumbani hatulisikii. Tunasikia kimya, kisha mwalimu anajibu.

Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu, na wala usiombe radhi, mazungumzo haya ni yako kuliko yetu. Namba za kurasa nilikuwa nimeziweka kwenye PDF pasipo kupanga kuzitaja kwa sauti. Kuanzia sasa zitatajwa kila ninapohama, na msaidizi wangu ataziandika kwenye ujumbe. Kwa swali la aliye chumbani, nitalirudia kwenye kipaza sauti kabla ya kulijibu, hata kama chumbani limesikika vizuri. Nimegundua pia kwamba kulirudia kunanipa nafasi ya kuhakikisha nimelielewa.

Kamera kwangu ni hiari. Mahudhurio nitayahesabu kwa ule ubashiri unaotumwa mwanzoni na jedwali linalotumwa kabla siku haijaisha, ili aliyekatika apate muda wa kutuma mtandao ukirudi. Najua wapo wenzangu watakaosema kwamba mtu anaweza kumtumia mwenzake majibu. Ni kweli, na hata chumbani mtu huweza kumsainia mwenzake. Kwa kazi zenye alama ninampa kila mwanafunzi takwimu zake tofauti kidogo, nazitengeneza kwa programu kutokana na namba yake ya usajili, kisha ninamtaka aeleze kwa sentensi zake maana ya jibu alilopata. Hesabu inaweza kunakiliwa, lakini maelezo ya tarakimu zako mwenyewe inabidi uyafikirie.

Fundi wetu, ahsante. Ile simu ya pili inaingia kwenye orodha yangu leo.

Mchangiaji, mkuu wa idara

Waheshimiwa, nimesoma kwa makini. Kwa upande wa uongozi wa idara ninaona mambo mawili ambayo hayajaguswa.

Kwanza, mkufunzi naye huugua au hutakiwa kujitenga. Kwa utaratibu wa karantini ya siku 14 tuliouzoea mwanzoni mwa janga, mtu mmoja aliyekaa karibu na mgonjwa alitoka katika ratiba kwa wiki mbili, hata kama mwenyewe hakuwa na dalili. Nimewaomba wakufunzi wa idara yetu waandae mapema vifurushi vya masomo ya wiki mbili ambavyo mwenzao anaweza kuvichukua na kuvifundisha: kurasa, sauti, maswali, na maelezo mafupi ya wapi wanafunzi hukwama. Somo lililoandaliwa kama anavyoeleza mwanzisha uzi tayari limekuwa kifurushi cha aina hiyo, na ndiyo sababu kubwa inayonifanya niliunge mkono.

Pili ni mzigo. Fomu zetu za kazi zinahesabu saa za kusimama mbele ya wanafunzi, na saa za maandalizi hazina mahali pa kuandikwa. Ningependa kupata kutoka kwenu maelezo ya kweli ya jinsi muda unavyotumika, ili niyapeleke kwenye kikao cha kupanga ratiba yakiwa na ushahidi.

Mwanzisha uzi

Mheshimiwa, umelisema jambo ambalo wengi wetu tunalibeba kifuani. Nitakueleza bila kuongeza chumvi. Kipindi kimoja cha mseto kinanitaka niandike upya mpangilio wa somo, nikate na kurekodi vipande, nitengeneze kurasa za PDF zinazosomeka kwenye skrini ya simu, nipakie usiku mtandao unapokuwa mwepesi, nijaribu chumba, kisha baada ya somo nisome majibu yaliyochelewa na kuwajibu waliokatika. Kabla ya janga, kipindi hichohicho nilikiandaa kwa kupitia maandishi yangu ya mwaka uliotangulia. Mzigo mkubwa uko mara ya kwanza. Kundi la pili likija wiki inayofuata, kurasa na sauti zipo tayari, na kinachobaki ni kukutana nao na kusahihisha. Kwa hiyo ombi langu kwenye kikao ni mahususi: anayeandaa kozi kwa mseto kwa mara ya kwanza apunguziwe kozi moja muhula huo, na wanaofundisha kozi moja kwa makundi mbalimbali waruhusiwe kugawana uandaaji, huyu arekodi mada hizi na yule zile, badala ya kila mmoja kurekodi zote.

Ninaomba pia msaidizi mmoja kwa kila kipindi cha pamoja, awe mwanafunzi wa mwaka wa juu au mkufunzi msaidizi, ambaye kazi yake ni kusoma ujumbe wa walio mbali na kuniinulia mkono wakati wana swali. Mtu mmoja hawezi kufundisha, kuandika, kutazama chumba kama watu wameketi kwa umbali unaotakiwa, na wakati huohuo kusoma ujumbe. Nimejaribu katika vipindi vya mazoezi na wenzangu wakijifanya wanafunzi, na kila mara kilichosahaulika kilikuwa ujumbe, yaani sauti pekee aliyonayo yule wa mbali.

Kifurushi cha wiki mbili cha somo la uwezekano nitakiweka hapa Ijumaa, kikiwa na jedwali tupu, kurasa zenye namba na orodha ya namba za kujaribia sauti. Mwalimu wa lugha, tafadhali nawe utuwekee mfano mmoja wa video zako za matamshi, maana wapo wenzetu wa masomo ya maabara na ya uuguzi ambao kazi za mikono yao zinafanana zaidi na somo lako kuliko langu, na wameniandikia pembeni wakiuliza waanzie wapi.